Mjusi wa Maureen

Nilikuwepo, nikaona yote kwa macho yangu haya. Anayebisha na ale mchanga.

Zdravko, mchimba vito vya opali, aliishi na mkewe Maureen katika nyumba iliyochongwa mwambani, ambako hata adhuhuri bila taa ni giza totoro. Wivu ulimtafuna tangu mke alete mtoto wa mjusi mwenye ndevu, mfugo wake wa kwanza, akawa anamwogesha kwa maji vuguvugu na kumlisha nyenje.

"Mimi uliniogesha lini, mama?"

"Ota ndevu kwanza, mzee! Kambadilishie taa yake ya joto, imeungua."

Zdravko akaenda na tochi. Nyenje kwenye kopo walikuwa wakilia, mara wakanyamaza wote. Mjusi akainua mkono, akapunga polepole.

"Ananipungia!"

"Wadogo huwapungia wakubwa wao," akasema Maureen, akija nyuma yake.

Lakini mjusi alikuwa amempa Zdravko mgongo. Alikuwa akitazama chumba kilichoachwa nusu kuchongwa na Clem, marehemu mume wa kwanza wa Maureen. Humo gizani sururu ikagonga: ngo, ngo.

Maureen akacheka.

Hapo pa kucheka nimetia chumvi yangu. Hakucheka. Alilitazama lile giza, naye akainua mkono, akapunga polepole.