Sauti Mbili za Hortense

Haya yalimpata Dolphine, Mkenya wa upande wa Busia anayepanga mtaa wa Makindye, mlango wa pili kutoka kwangu. Alasiri za Jumamosi hugeuza sebule yake kuwa darasa, akawafundisha Kiingereza Wakongomani wa mtaani. Siku hiyo jua lilikuwa kali, nguo zimeanikwa uani, na wanafunzi walikuwa Augustin muuza vitenge, Guerschom kinyozi, na Hortense, mjane mpole anayeuza mukene, vile visamaki vikavu vya ziwani.

Hortense alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge. Aliingia na harufu. Wenzake walidhani ni ya biashara yake, wakanyamaza kwa adabu.

Somo lilikuwa maneno ya kutisha. Dolphine aliwaeleza kwamba Waingereza hawaweki hofu zote katika kapu moja. Scare ni neno la kila siku. Mbwa wa jirani akikubwekea, he scares you. Frighten ni ndugu yake, ila limevaa koti. Startle ni kumshtua mtu asiyekuona ukija, na hofu yake huisha palepale. Terrify ni ile inayokausha mate. Kisha akawaonya wachunge miisho ya maneno: anayeogopa ni frightened, anayetisha ni frightening.

Akamtaka kila mmoja atoe sentensi. Augustin akasema kuna askari aliwahi kumtisha njiani. Guerschom, kwa kutaka kusema anaogopa nyoka, akasema yeye mwenyewe anawatisha nyoka. Wakacheka, akarekebishwa. Zamu ikamfikia Hortense.

"I am frightening," alisema.

Dolphine akatabasamu, akamwambia aseme frightened.

"No." Sauti ilikuwa nzito, yenye majimaji, kama ya mtu anayesema na uji umejaa kinywani. "I am frightening."

Kitenge kilianguka. Ute wa kijani ulikuwa ukimchuruzika kidevuni, mzito kama mlenda. Harufu ikatanda chumba kizima. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya kidonda kilichofungwa bandeji na kusahauliwa.

Hortense akainama juu ya meza, akakohoa. Likamtoka donge la nywele nyeupe zilizoloa. Nywele zake yeye zilikuwa nyeusi tii. Ndani ya donge mlikuwa na kucha za binadamu, zima zima, zimepakwa rangi nyekundu iliyoanza kubanduka.

Donge lilikuwa likifuka mvuke.

Augustin alitapika palepale. Guerschom akatoka mbio, viatu akaviacha mlangoni. Dolphine naye alisikia mate ya chumvi yakimjaa kinywani, akatamani kumsukuma yule mama nje na kufunga mlango. Ndipo akasikia sauti nyingine, ndogo, ya Hortense mwenyewe.

"Mwalimu. I am frightened."

Dolphine akaelewa. Sentensi zote mbili zilikuwa sahihi. Waliozisema ndio walikuwa wawili.

Akamsogelea huku amebana pua kwa leso. Kwa minong'ono, Hortense akamweleza kwamba shangazi wa marehemu mumewe, bibi wa mvi aliyependa kupaka kucha rangi, alipofariki, wakwe walimlazimisha ale chakula kwenye sahani ya huyo maiti. Tangu hapo kuna mtu anatafuna pamoja naye. Wachungaji wamekemea kwa Kiswahili, kwa Kishi, lugha ya kwao, na kwa Kifaransa. Aliye ndani hakutoka. Alikuwa akirudia maneno yao, akicheka.

"Ile kitu iko nasoma pamoja na mimi," alinong'ona. "Yote unafundisha, inajua."

Dolphine akafikiri. Kulikuwa na matumizi ambayo hajawafundisha bado. Akazishika nywele za Hortense zilizoloa ute, akaweka mdomo sikioni mwake, akamnong'oneza kwamba ukiongeza away, scare huwa ni kufukuza, kama kufukuza ndege wasile mtama.

"Sema haraka. Kabla haijaelewa."

Hortense akafumba macho. "I scare you away."

Akavuta pumzi, akarudia.

"I scare you away."

Shingo yake ikavimba. Kitu kikapanda kooni, kikashuka, kikapanda tena. Alisema mara nyingine, safari hii kwa nguvu, na mdomo wake ukapanuka kupita kiasi cha mdomo wa mtu. Hakikuonekana kitu. Sakafu tu ililoa, mchirizi mnene wa ute, kutoka kwenye kiti mpaka dirisha lililokuwa wazi.

Hortense akaomba maji. Akanywa jagi zima, akalia, akasema kwa mara ya kwanza tangu msiba maji yana ladha ya maji.

Donge walilichoma uani kwa mafuta ya taa. Sakafu ikasuguliwa kwa dawa hadi mikono ya Dolphine ikachubuka. Hortense sasa ni mzima, amenenepa, na Kiingereza chake kinawapita wenzake wote. Darasa limehamia kwa Augustin.

Dolphine bado anaishi pale, ila madirisha hafungui, kisije kikarudi. Nimeingia mwenyewe nikaona. Kwenye kioo cha dirisha ulipoishia ute, kwa ndani, pana alama ya ulimi. Ni mpana kuliko kiganja changu, umelamba kutoka chini hadi juu. Sabuni haiitoi alama hiyo, wembe hauikwangui. Na inzi wa Makindye, ambao hawachagui pa kutua, hapo hawatui.