Nondo Chini ya Dirisha

Waliokuwepo sebuleni alasiri ile ni hawa: mwenye nyumba, aliyeitwa Mkaguzi kwa kuwa alistaafu ukaguzi wa shule; shemeji yake, yaani mdogo wa kike wa mkewe; na fundi redio, mtu mfupi aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio. Mke wa Mkaguzi alikuwa chumba cha pili, kitandani. Tangu apooze upande wa kulia hakuwa amesema neno.

Spika zilikuwa zinavuma, mvumo mnene usiopanda wala kushuka, hata sauti ikipunguzwa kabisa.

"Amplifaya yako inaimba kuliko kwaya, mzee," fundi alisema.

"Ingekuwa inaimba nisingekuita."

"Shemeji, mwambie yote," shemeji alinong'ona. "Ikivuma hii, na dada anavuma. Tukiizima, analia mpaka tuiwashe."

Mkaguzi alitazama zulia. Ilikuwa kweli. Mkewe alivuma mdomo umefumbwa, kwa sauti ileile, na hakulala. Daktari alikuwa amesema kwamba asipopata usingizi hatafika mbali.

Fundi alichomoa kimoja kimoja: antena, deki, sabufa. Mvumo ulibaki. Akauliza ethi ya seti ya muziki, ule waya wa kushusha umeme ardhini, imechimbiwa wapi. Mkaguzi alieleza bila haraka. Hakutaka seti mpya ichangie ethi na friji na pasi, kwa hiyo aliagiza ichimbiwe nondo yake peke yake, nje, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Kila kitu na chake, ndivyo alivyozoea.

"Basi ndiyo hapo. Nyumba haiwi na ethi mbili, mzee. Umeme unatoka kwenye nondo hii, unapita kwenye waya za sauti, unarudi kwenye nondo ile. Unazunguka tu."

"Aliyetuuzia nyumba alisema pale pasichimbwe," shemeji alisema.

"Hakusema kwa nini," alijibu Mkaguzi.

Fundi alikwenda akazima swichi kuu. Friji ikanyamaza. Safari hii spika hazikunyamaza. Akachomoa waya wa spika moja, akausimamisha mbele ya uso wake kama mtu anayekagua uzi wa sindano, na spika ile, isiyounganishwa na kitu chochote, ikaendelea kuvuma, na chumba cha pili mgonjwa akavuma nayo, na harufu ya chuma kilicholowa ikapita chini ya mlango wake, ikawafikia miguuni, ikapanda taratibu mpaka wakaisikia ulimini, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

"Naenda kuing'oa," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Sema bismillahi kwanza," shemeji alimwambia.

"Nimeshasema, mama. Nasema tena."

Nondo ilitoka bila kushindana. Ilikuwa ya moto, ikabidi aizungushie kitambaa. Mvumo ulikatika, wa spika na wa mgonjwa, kwa pamoja.

Fundi aliiunganisha seti na ethi ya nyumba, akawasha. Sauti ilikuwa safi.

"Hiki chuma nakichukua, mzee. Wewe huna kazi nacho."

"Kichukue."

Alipokwisha kutoka, waliingia kwa mgonjwa. Alikuwa amefumbua macho.

"Yule aliyekuwa amenishika mkono yuko wapi?" aliuliza. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalieleweka.

Shemeji alikaa sakafuni. "Nani, dada?"

"Huyo aliyekaa hapa siku zote. Ametoka na fundi."

Kisha akageukia ukuta, akalala.

Siku iliyofuata Mkaguzi aliona bisibisi imesahauliwa juu ya amplifaya, akampigia fundi simu. Alipokea mwanamke. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvumo mnene, na Mkaguzi alidhani ni ubovu wa laini. Alisema anapiga kwa ajili ya bisibisi ya fundi.

Mwanamke alijibu kwamba yeye ni mke wa fundi, na kwamba mumewe amefariki asubuhi ile.