Muswada Namba 418

Kila siku ya shule, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kabla kengele haijalia, nilikuwa naingia maktaba, nafungua kompyuta ya tatu kutoka dirishani na kutafuta muswada namba 418. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu majira yale ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Nafungua tovuti ya bunge la jimbo, natazama muswada umefika wapi, naandika kwenye karatasi tarehe, saa na nilichokiona. Baada ya masomo narudia tena, kisha naipeleka karatasi posta na kuibandika ubaoni. Watu wa kwetu Sutter Fork wakija kuchukua barua zao, wanaisoma.

Usidhani ilikuwa kazi ya kitoto. Bunge letu hukaa siku sitini tu kwa mwaka, kuanzia Januari, na ndani ya siku hizo miswada hukimbizwa kama kuku. Leo uko kamati hii, kesho umetupwa ile. Siku ya kuwasikiliza wananchi hupangwa Alhamisi, halafu jioni moja mtu anaisogeza, na asiyeangalia ndiye anayeachwa. Kutoka kwetu hadi mji mkuu wa jimbo ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Milima imetukaba kila upande, mtandao hauingii bondeni, na kompyuta za kutegemewa zilikuwa za shule. Kwa hiyo Bi Lorna Stiltner, mwalimu wetu wa sayansi aliyeongoza kikundi cha kutetea kijito, aliomba mwanafunzi wa kujitolea. Mimi, Odessa Ratliff, nilinyoosha mikono yote miwili.

Muswada wenyewe ulitaka kampuni ya umeme izoe majivu ya makaa ya mawe iliyoyamwaga kwa miaka arobaini kwenye bwawa lililo juu ya kijito chetu, na kwenye migodi iliyofungwa ijenge mitambo ya umeme wa jua. Bwawa lile halikuwa na sakafu ya kuzuia maji kupenya. Majivu yalivujia visimani, na maji yetu yalitoka bombani na rangi ya chai ya jana. Bibi yangu aliyanywa maisha yake yote, akafa kwa figo. Daktari akasema hawezi kuthibitisha lolote.

Aliyenilea ni Babu Verlin, mchimba makaa mstaafu. Vumbi lilikuwa limejaa mapafuni mwake, na popote alipokwenda alikokota mtungi wa oksijeni. Kamati humpa kila mwananchi dakika mbili za kusema. Babu aliandika hotuba yake, na kila jioni, maharage na mkate wa mahindi vikipoa mezani, alijipima kwa saa ya jikoni yenye kengele. Mara ya kwanza alitumia dakika nne, maana kila sentensi ilimlazimu kusimama avute pumzi. Akakata neno hapa, akakata neno pale, mwezi mzima. Siku alipomaliza kwa dakika mbili kamili, aliipiga meza kwa furaha.

"Dessa! Wewe nitajie siku na saa tu. Mengine niachie mimi."

"Usijali, Babu. Siku na saa ziko kwangu."

Februari ilipoingia, ukumbi wa michezo ukaanza kufunguliwa asubuhi. Colby Hatcher, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye mtambo wa umeme, alinisubiri mlangoni na mpira wa kikapu kiunoni.

"Karani wa bunge huyo! Leo waheshimiwa wamesemaje?"

"Hakuna jipya," nikamjibu.

"Jana hakuna jipya, juzi hakuna jipya. Sasa unakwenda kutazama nini? Njoo ucheze, au unaogopa muswada utakukimbia?"

Wenzake wakacheka. Siku ile nilitazama harakaharaka kisha nikaenda kucheza. Siku ya pili sikutazama kabisa. Niliandika "saa 1:20, hakuna jipya" nikiwa nimekaa sakafuni nafunga kamba za viatu. Hakuna kilichoharibika. Nikafanya hivyo tena, asubuhi na jioni, siku nne mfululizo. Niliona nimewazidi watu wote akili.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Jumanne, katikati ya somo la hesabu, Bi Lorna alipofungua mlango wa darasa na kuniita kwa kidole.

"Odessa, jana jioni uliangalia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kikao cha muswada wetu kimehamishwa kutoka Alhamisi. Kimefanyika leo, saa tatu asubuhi. Tangazo lilikuwapo tangu jana mchana." Uso wake ulikuwa umepauka. "Mwenyekiti ameuliza mara tatu kama kuna mtu yeyote kutoka Sutter Fork. Mara ya tatu ukumbi umecheka. Wakili wa kampuni akapewa dakika ishirini. Wameuweka pembeni muswada wetu. Muswada umekufa, Odessa."

Hapo nilipaswa kusema kweli. Nikasema, "Mtandao ulikuwa umekatika."

Jioni watu walikusanyika ukumbi wa kanisa, na uongo wangu ukapata wa kumng'ata. Bi Wilma Cantrell, mkuu wa posta, alimgeukia Bwana Teague, mkutubi wa shule.

"Kompyuta ni zako. Mtandao unakatika, unakaa kimya? Au nawe umeshapewa chako na kampuni?"

"Wilma, mimi sikujua kama..."

"Hukujua! Visima vyetu navyo vitakunywa hiyo 'sikujua' yako?"

Bwana Teague alikuwa mtu mpole, mwenye kigugumizi akibanwa. Alifungua mdomo, neno halikutoka, na watu wakachukulia kwamba amekiri. Mtu mmoja akasema afukuzwe kazi. Babu akainuka taratibu, mkono mmoja juu ya mtungi wake.

"Mimi nasema jambo moja. Mjukuu wangu akisema aliangalia, basi aliangalia. Nimemlea mwenyewe."

Afadhali angenipiga kofi mbele ya watu. Nilisimama.

"Sikuangalia," nikasema. "Mtandao haukukatika. Nilikuwa nacheza mpira. Zile saa nilizoandika ni za uongo."

Kisha Bi Wilma akasema, taratibu, ili kila mtu asikie: "Bora tungemtuma mbwa. Mbwa akikuta mlango umefungwa, angalau hubweka."

Hakuna aliyenitetea. Nilimtazama Babu, alikuwa akitazama viatu vyake. Tulipofika nyumbani alitoa hotuba yake mfukoni, akaikunja mara nne, akaitia kwenye droo ya misumari. Kwa siku tisa aliniambia maneno mawili tu, "kula" na "lala". Saa ya jikoni haikulia tena.

Shuleni, Colby aliyenivuta uwanjani ndiye aliyekuwa wa kwanza kunicheka. "Saa 1:20, hakuna jipya!" alipaza sauti kila nilipopita, na korido nzima ikaitikia. Nilimwendea Bi Lorna nikamwomba ampe kazi mtu mwingine.

"Nikikuondoa nitakuwa nakupumzisha," alisema bila kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Kuanzia kesho utasoma miswada yote iliyo mbele ya kamati ile. Ukurasa kwa ukurasa."

"Mwalimu, ni thelathini na sita!"

"Ahaa, kumbe ukitaka kuhesabu unaweza."

Basi nikasoma. Nilisoma miswada ya madaraja, ya maziwa, ya vinyozi. Nilisoma hadi macho yakawasha, na asubuhi nilirudia ileile niliyoisoma jana, maana nilishajifunza kwamba karatasi za bunge hubadilika mtu akigeuza kisogo. Bwana Teague alinifungulia mlango kila siku bila kunilaumu hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Bi Wilma.

Siku ya arobaini na sita ya bunge, Jumatano asubuhi, nilifungua muswada namba 77 uliohusu leseni za mbwa wa kuwinda. Jana yake ulikuwa na kurasa tatu. Leo ulikuwa na tano. Ukurasa wa nne, mstari wa kumi na moja, baada ya habari za minyororo na chanjo, palikuwa na sentensi hii: "Bwawa lolote la majivu lililopo sasa halitakaguliwa tena na jimbo, wala mmiliki wake hatalazimishwa kuliondoa."

Nilisoma mara tano. Ikipita hiyo, hata muswada wetu wa mwaka ujao ungekuta mlango umepigwa kufuli. Kikao kilikuwa kesho saa tatu. Mchana nikaangalia tena. Kilikuwa kimesogezwa hadi saa mbili.

Nilikimbia hadi posta, karatasi mkononi. Bi Wilma aliitazama bila kuigusa.

"Majivu kwenye muswada wa mbwa? Leo umeangalia, au umeota ukiwa mpirani?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Neno langu halikuwa na thamani tena pale. Mlango ukafunguliwa nyuma yangu. Alikuwa Bwana Teague, hana hata koti kwenye baridi ile.

"Ni... ni kweli," alisema. "Nilisimama nyuma yake. Nimesoma kwa macho yangu. Na saa ya kikao nimeiangalia mara mbili."

Mtu aliyebebeshwa dhambi yangu ndiye aliyekuja kunibeba. Bi Wilma akaichukua karatasi, akavaa miwani, na kicheko kikaisha.

Saa kumi na moja alfajiri basi la kanisa liliwasha injini. Nilikuwa nimeshakaa nilipomwona Babu akipanda, anahema, mtungi nyuma yake, na kwenye mfuko wa shati ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikaa kiti cha mbele. Hakunitazama.

Bungeni tuliandika majina yetu kwenye orodha ya wasemaji. Mwenyekiti wa kamati alituangalia watu kumi na wanne wenye mabuti ya matope, akatabasamu.

"Muda ni mfinyu. Leo kila mtu dakika moja."

Niliona mgongo wa Babu ukilegea. Mwezi mzima alikuwa amekata maneno yatoshe dakika mbili. Alianza hata hivyo. Alisema juu ya bwawa, akasimama kuvuta pumzi. Alisema juu ya kisima, akasimama. Alikuwa ameanza kutamka jina la Bibi kengele ilipolia.

"Ahsante, mzee. Anayefuata."

"Sijamaliza."

"Kengele imemaliza." Wakazima kipaza sauti. Babu akaendelea bila kipaza sauti, midomo inacheza, hakuna anayesikia, mpaka askari wa ukumbi alipomshika kiwiko na kumrudisha kitini.

Karani akasoma jina langu. Machozi yalikuwa yamenifika puani, lakini nilijua ukurasa na mstari.

"Muswada huu ni wa mbwa," nikasema. "Naomba karani asome kwa sauti ukurasa wa nne, mstari wa kumi na moja."

"Ni marekebisho madogo tu," mwenyekiti akadakia.

Lakini mjumbe mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, alikuwa ameshafunua karatasi zake. Akasoma sentensi nzima kwa sauti. Wajumbe wengine wakaanza kufunua. "Hiki kimeingiaje humu?" aliuliza. "Naomba kifutwe, na tupige kura sasa hivi."

"Bado nina sekunde arobaini," nikasema. "Naomba nimpe babu yangu."

"Muda hauazimishwi," alisema mwenyekiti. "Kaa chini."

Nikakaa. Kura zikapigwa: sita kwa tano. Sentensi ikafutwa. Watu wetu walikumbatiana koridoni, na Bi Wilma alimshika Bwana Teague mkono, akamwomba radhi mbele yetu sote. Mimi alinigusa bega tu, akapita.

Tukirudi, Babu aliniita nikae karibu naye. Alizungumza kidogo kidogo, kwa pumzi alizokuwa nazo.

"Leo umefanya kazi vizuri. Nami nimekusamehe, usiku huu ulale." Akavuta hewa. "Lakini nisikudanganye, maana tumeshachoka na uongo. Leo tumezuia baya lisiongezeke. Jema letu lilikufa Jumanne ile, na msamaha wangu hauwezi kulifufua. Maji ni yaleyale. Watu wakikupa kazi ya kuangalia, Dessa, wao wanafumba macho kwa sababu yako yako wazi. Ukifumba nawe, mmekuwa vipofu wote, na kipofu asiyejua ni kipofu ndiye anayetumbukia."

Kisha akatoa ile hotuba, akaitia mkononi mwangu, akalala mpaka tukafika.

Alifariki Oktoba. Januari muswada wetu uliletwa upya, ukiwa na namba nyingine, 203. Siku ya kwanza ya bunge niliingia maktaba, nikafungua kompyuta ya tatu kutoka dirishani. Hotuba ya Babu ilikuwa mfukoni mwangu. Naisoma kwa dakika moja na sekunde kumi, maana mapafu yangu ni mazima. Nilisoma ratiba ya kamati yote, juu hadi chini, kisha nikairudia.

Niliandika: saa 1:20, hakuna jipya. Colby aliyekuwa amekaa karibu alichungulia karatasi, akafungua mdomo ili acheke, akanitazama usoni, akaufunga. Safari hii ilikuwa kweli.