Udongo Mweusi wa Fébronie

Mvua ilipokatika asubuhi, Fébronie alikwenda shambani na jembe begani. Alikuta mawe. Maharage aliyopanda juzi yalikuwa yamezolewa yote. Mfereji ulioteremka hadi Ziwa Nakivale ulikuwa bado unapitisha maji meusi. Posho ya wakimbizi kambini ilikuwa imepunguzwa tena, na watoto wanne walilitegemea shamba hilo. Alikaa chini akalia.

Mfereji ulikuwa kazi ya mumewe, Cassien. Kila msimu aliuchimba kufuata mteremko ili maji yaondoke haraka, na mabua aliyachoma moto. Akiambiwa akinge udongo, alicheka.

"Tunangoja ndege ya kutuhamishia Kanada," alisema. "Shamba la kuazimwa halipambwi."

Huo ulikuwa mwaka wa sita wa kungoja. Na anayengoja ndege naye hula.

Jirani yao Apolline, Mkongomani anayepima maji ya mto Rwizi kule Mbarara, alisikia kilio akaja. Cassien naye alifika.

"Udongo umeenda ziwani," Cassien alimwambia. "Basi samaki watanenepa."

"Hapana, papa Cassien," Apolline alisema. "Hii udongo mweusi ni majani na mizizi yenye ilioza. Ndiyo nguvu ya shamba. Ikifika mingi mu maji, vidudu vidogo sana vinaikula, vinamaliza hewa yenye samaki inapumua. Samaki inakufa. Ingine inageuka gesi, inarudia mu hewa, inaongeza joto ya dunia. Ingine inazama mu matope."

"Na ile inayofuata mito hadi baharini?" Fébronie aliuliza.

"Ni kidogo. Na kule pia mingi inaliwa. Kidogo sana ndiyo inazikwa chini ya bahari. Hakuna yenye itarudia kwako, mama."

Fébronie alimgeukia mumewe. "Umesikia? Watoto tumewanyima, na samaki tumewaua."

Mara hii Cassien hakucheka. Siku hiyohiyo waliuziba mfereji. Wakachimba mitaro ya kukata mteremko, wakapanda matete kingoni. Mabua hawakuyachoma tena. Waliyatandaza yaoze palepale.

Msimu uliofuata mvua kubwa ilinyesha, na maji yalituama mitaroni. Walivuna beseni tatu za maharage. Watoto walikula mara mbili kwa siku. Lakini sehemu ya juu, palipobaki mawe, hapakuota kitu. Apolline alisema udongo wa pale utachukua miaka mingi kurudi.

"Ungechimba mitaro hii mwaka wa kwanza," Fébronie alisema kwa uchungu.

Cassien alibeba mzigo wa mabua, akapanda nao hadi kwenye mawe, akaanza kuyatandaza.