Matawi ya Gunnvor

Mshale wa kwanza ulimkosa kwa shibiri moja.

Wa pili ulikwama kwenye mfuko wa samaki wakavu mgongoni.

Ragnvald, jasusi wa Malkia, hakugeuka. Miguuni alikuwa amefunga mifupa ya farasi iliyochongwa, mkononi ameshika mti wenye ncha ya chuma, na kila aliposukuma aliteleza hatua kumi juu ya barafu. Nyuma yake wapanda farasi wawili wa Mfalme Albrekt walizivuta tena pinde zao za Lübeck, Ujerumani.

"Kamwambie malkia wako asiye na suruali tunakuja," mmoja alipaza sauti.

Kwani Ragnvald hakuwa ameshawaambia wakubwa wake? Mara mbili.

Jemadari Bengt, mkuu wa jeshi la Malkia pale Åsle, alikuwa anakunywa uji wa shayiri.

"Sema."

"Wapanda farasi mia tatu. Adhuhuri watavuka bwawa watupige mgongoni. Njia imeshawekwa alama."

"Farasi wa deraya, bwawani?"

"Barafu imeshika, bwana."

"Juzi ulisema hivyo hivyo."

"Na juzi ilikuwa kweli. Nipe watu hamsini."

"Sina hata watano. Kanywe kitu cha moto, umepauka."

Ragnvald alitoka masikio yakimwaka kwa hasira. Mwaka mzima analala zizini kwa Wajerumani wa Albrekt, akirudi na habari anaambiwa akanywe kitu cha moto. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi angefanya mwenyewe.

Alama zenyewe zilikuwa matawi ya mti wa mreteni yaliyosimikwa barafuni, moja kila baada ya hatua ishirini. Kila msimu wa baridi mama wa nyumba ya ukingoni ndiye huyasimika, na mgeni huyafuata hata kwenye ukungu bila kuuliza. Mwaka huu, kama miaka mingine, yalikuwa ya Gunnvor.

"Mama Gunnvor, nataka kuyahamisha. Yapite juu ya chemchemi."

Pale juu ya chemchemi barafu huwa nyembamba hata Februari.

"Una wazimu wewe. Hapa mtu akiiba ng'ombe tunagombana naye, yanaisha. Akihamisha alama, hatumsalimu mpaka afe."

"Wakivuka, jioni Malkia hana jeshi."

"Na unajua nani anawatangulia? Mume wangu. Wamemtoa Ketil kitandani kwa upanga."

Jasusi mzima, na hilo hakulijua. Alijichukia.

"Barafu ile inambeba mtu wa miguu," alisema mwishowe.

"Mimi ndiye wa kuambiwa inabeba nini?" Gunnvor alichukua shoka lake. "Usiguse. Matawi ni yangu."

Aliyang'oa mwenyewe kumi na mawili, akayasimika upya bila kumtazama.

Adhuhuri wakaja. Ketil alikuwa mbele kwa miguu.

Kamba shingoni.

Ncha yake ilikuwa mkononi mwa kamanda aliyepanda farasi. Ragnvald, kajificha kwenye matete, alilaani kimoyomoyo. Farasi akizama, Ketil anazama naye.

Ketil alifika kwenye tawi la kwanza lililohamishwa. Akasimama. Akatazama ukingoni, alikokuwa mkewe.

Akaendelea kutembea.

Barafu ikaanza kulia.

Ragnvald alitoka mateteni kwa mifupa yake, ameinama, kisu wazi. Mshale mmoja ukampita. Akakata kamba, akamsukuma Ketil kifudifudi, na nyuma yao barafu ikafunguka. Farasi arobaini walizama kwa pamoja. Waliobaki waligeuka na kukanyagana kwenye tope, na huko ndiko watu wa Malkia walikowakuta.

Jioni Mfalme Albrekt, aliyekamatwa humo topeni, alikuwa mfungwa.

"Nilijua bwawa halitawabeba," Jemadari Bengt aliwaambia wote. Ragnvald aligeuka, akaelekea ukingoni.

Ukingoni, Ketil alikuwa amefunikwa koti la mkewe.

"Nani aliyahamisha?" alimwuliza Gunnvor.

"Mimi."

"Niliona yamehama," Ketil alisema. "Walikuwa wananifuata, Gunnvor. Wale vijana walikuwa wananiamini."

Asubuhi waliyarudisha matawi mahali pake, wote wawili.

Sleji ya kwanza, gari la kuteleza thelujini, ilitokea upande wa kanisani. Jirani yao, aliyekwisha kusikia habari, alisimamisha farasi ukingoni, akayatazama matawi, akamtazama Gunnvor. Kisha akageuza, akashika njia ndefu ya msituni.

Gunnvor alikaa chini kwenye theluji.

Ragnvald alikuwa anaondoka. Akavua mifupa yake miguuni, akaingia bwawani kwa miguu, akapita tawi kwa tawi taratibu ili jirani amwone na kujua njia ni salama tena. Alivuka mpaka ng'ambo.

Sleji haikugeuka.