Shavu la Plasta

Jumatatu asubuhi, mwaka 1954, mfano wa taipureta mpya ulikutwa vipande vipande mezani, kwenye chumba cha wabunifu wa kiwanda cha mji wetu. Ulikuwa wa plasta, ule unga mweupe wa jasi unaokauka ukawa mgumu, kazi ya mzee Evasio Brunod. Mchana ule wakubwa walitarajiwa kutoka Milano kuja kuutazama.

Lawama zikamwangukia Nereo, mchoraji kijana. Ijumaa aligombana na mkurugenzi, akaapa mashine ile haitafika dukani. Mkurugenzi alitaka afungwe. Mke wa Nereo, mjamzito, alikaa langoni mwa kiwanda.

Afande Quaglia wa polisi alimhoji mlinzi kwanza. Mlinzi hakusikia kishindo chochote, naye hulala jicho moja wazi kama kuku. Basi Afande akaokota kipande. Kilikuwa na unyevu. Akaunganisha vipande vyote pole pole; upande wa kushoto wa mashine haukuwepo.

Akamwita Evasio.

"Mzee wangu, hii ilikauka lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Mbona imelowa? Nereo angeshika nyundo. Mwenye hasira hangoji. Huyu kailowesha ilainike, akaikata kwa msumeno kimya kimya. Nani hapa anajua kufanya hivyo?"

Evasio alitazama viganja vyake. "Fundi wa plasta," akasema. "Nimebaki mimi tu."

Wakaenda kwake. Mkewe, Delfina, alipoiona sare akamwambia Afande polenta, ugali wao wa mahindi, ipo, ila si ya wanaokuja kumchukua mtu.

Chumbani, kwenye kitanda cha binti yao Ilda, kipande cheupe kililala juu ya mto, kimefunikwa blanketi. Ilda alikufa Februari kwa kifua.

Mafundi wetu humalizia plasta macho yamefumbwa, kiganja ndicho kinachotafuta njia. Evasio alipofumbua macho, alikuta kiganja kimetengeneza shavu la Ilda upande wa kushoto wa mashine. Mkurugenzi akaagiza pale papigwe tupa, pawe bapa.

"Wangelikwangua shavu la mwanangu mbele yangu, Afande. Nilitaka shavu tu. Mengine niliyakata vipande ili pengo lisionekane. Nereo sikumfikiria hata kidogo."

Afande alivua kofia. Akaeleza kwamba maneno ya baba mwenye msiba yatasemwa ni ya kumwokoa kijana. Bila kipande kile Nereo atafungwa.

Evasio akageukia ukuta. Delfina ndiye aliyefunua blanketi. Akakizungushia kipande skafu ya sufu, akaifunga fundo, akamkabidhi Afande mikononi.

"Usimpitishe kwenye upepo," akasema.