Mikono ya Fundi Andolile

Jozi arobaini za glavufundi ziliwaka taa ya kijani kwa mpigo mmoja, na watoto wa kidato cha pili wakaanza kusuka nyaya za mota kama watu waliozaliwa karakanani. Zamani ufundi huo ulikula miaka mitano ya mtu. Sasa glavu ilipeleka mijongeo ya fundi bingwa moja kwa moja kwenye neva za mwanafunzi, na ndani ya siku tisini mambo yamekwisha. Mbeya nzima ilishangilia kampuni ya glavu hizo ilipoingia ubia na shule. Mwalimu Sekela ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wazazi, na fomu ya kwanza aliisaini yeye, ya binti yake Tumpe.

Siku ya themanini na tisa, saa ya chai, glavu zikiwa zimevuliwa, watoto wote arobaini walipapasa mfuko wa shati kwa pamoja, wakachomoa kitu kisichokuwepo, wakakipeleka mdomoni. Sigara! Watoto wa miaka kumi na minne, jamani. Sekela alimsogelea binti yake.

"Tumpe, unafanya nini?"

"Nakunywa chai, mama. Kwani vipi?"

Sekela alikwenda mbio ofisini kwa Injinia Rweyongeza, mtu wa kampuni pale shuleni.

"Hiyo mikono mliitoa wapi?"

"Kwa fundi mmoja wa Tukuyu, Andolile. Alivaa glavu zetu za kurekodi miaka mitatu, kulala na kuamka."

"Nipeleke nikamwone."

"Alishafariki, mwalimu. Mapafu."

"Na rekodi yenu inaishia wapi?"

Injinia alikohoa. "Tulichukua yote. Kuikatakata kungeharibu ufundi."

"Yote? Mpaka kitandani alipofia? Hivi nyie mna akili kweli? Izimeni!"

"Haizimiki. Ikishaingia kwenye neva inajiendesha yenyewe mpaka mwisho. Mwisho wenyewe ni kesho, saa nne asubuhi."

"Halafu?"

"Hatujui, mwalimu. Hawa ndio wa kwanza."

Kesho yake Sekela hakumpeleka Tumpe shule. Walikaa kwenye kochi, na moyo ulimuuma kila alipoikumbuka ile saini yake. Saa nne kasorobo mikono ya mtoto ilikuwa bado inasuka hewa. Kisha ikapunguza mwendo, ikatua mapajani. Mkono wa kulia ukanyanyuka, ukapapasa huku na huku ukitafuta mtu.

Sekela akaushika. Vidole vikamfumbata, na kidole gumba kikawa kinamsugua taratibu kwenye vifundo, kama mume wa ndoa ya miaka arobaini. Kikafika kwenye kidole cha pete, kikasita.

"Mama, siyo mimi," Tumpe alisema huku analia.

"Najua, mwanangu. Niko hapa."

Mshiko ukalegea, kidole kimoja baada ya kingine. Nje jirani aliwasha redio.

"Basi, yameisha," Sekela alisema. "Hebu kunja ngumi nione."

Tumpe aliutazama mkono wake uliolala wazi juu ya paja.

"Nimeshakunja, mama."